Nimonia hospitali za rufaa za mikoa: vipimo tunavyofanya sana havibadilishi dawa, na kinachobadilisha hatukifanyi

Mtu wa Benchi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafanya kazi maabara katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Sitaitaja, maana ninayoyaandika wenzangu wa mikoa mingine watayaona ni ya kwao pia. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Kuna lalamiko linajirudia sana humu: mtoto au mzee kalazwa na nimonia, ndugu wamezungushwa dirisha hili na lile kulipia vipimo, na majibu yalipotoka dawa haikubadilika hata kidogo. Watu wanahitimisha kwamba hospitali inatafuta hela. Lalamiko lina msingi, hitimisho ndilo lina kasoro. Tunaagiza vipimo ambavyo kwa asili yake haviwezi kumbadilishia dawa mgonjwa wa nimonia. Kile ambacho kingeweza, yaani damu ya kuotesha, ama hakiagizwi kabisa, ama kinaagizwa mgonjwa akiwa ameshapigwa sindano za siku mbili.

Tukumbushane ukubwa wa jambo. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 walio chini ya miaka mitano, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo. Hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza unaowamaliza watoto kiasi hicho. Kwa hiyo tunapobishana kuhusu chupa ya damu, tunabishana kuhusu kitu kizito.

La kwanza, nimonia haigunduliwi maabara. Hakuna kipimo cha damu kitakachoandika "huyu ana nimonia". Inagunduliwa kitandani, kwa macho, masikio na saa ya mkononi. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayefikisha 40, akiwa na kikohozi au shida ya kupumua, huyo anahesabiwa kuwa na nimonia. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta hewa, hivyo hivyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea hajitambui, hiyo ni nimonia kali na anatakiwa kulazwa. Kisha kuna kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kikisoma chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni saa hiyo hiyo, majibu ya maabara yawepo yasiwepo. Mimi ni mtu wa maabara na nasema wazi: mkoa ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, inunue vifaa hivyo vya kidoleni na mitungi ya oksijeni kabla ya mashine yoyote ya kwangu.

Maabara ina swali lake, na linakuja baadaye: ni mdudu gani, na anakufa kwa dawa ipi? Sasa angalieni fomu zinazotufikia zinauliza nini.

Ful bladi pikcha, yaani kipimo cha kuhesabu chembe za damu, karibu kila mgonjwa anayo. Ina faida yake. Mtoto mwenye damu kidogo sana naye hupumua kwa kasi, kwa hiyo kujua kiwango cha damu kunasaidia. Lakini chembe nyeupe ndizo zinazoangaliwa, na hizo hupanda kwa sababu chungu nzima. Zikiwa juu, 16, au za kawaida, 9, sijaona dawa ikibadilika.

Kipimo cha haraka cha malaria nakiunga mkono bila kusita, kwa kuwa mtoto mwenye malaria kali naye hupumua haraka na kifua kinaweza kuonekana kimebanwa. Moshi walifanya utafiti kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa KCMC na Mawenzi, ambayo ndiyo hospitali ya mkoa wa Kilimanjaro, mwaka 2007 na 2008. Madaktari waliandika malaria kwa asilimia 60.7. Maabara ilipotazama, malaria ya kweli ilikuwa asilimia 1.6. Bakteria kwenye damu walikuwa karibu asilimia 10, na wengine walikuwa na homa za wanyama kama leptospira na Q, ambazo baadhi huingia hadi kwenye mapafu. Watu waliokuwa na jambo jingine kabisa walikuwa wanatibiwa malaria. Hivyo ndivyo inavyokuwa wodi ikifanya kazi kwa kukisia.

Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, kwa mgonjwa anayekohoa naomba tuiache. Widal moja peke yake haiaminiki hata kwa taifodi yenyewe.

Makohozi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nayapenda. Ile rangi ya Gram tunayoitumia kila siku ilizaliwa kwenye nimonia. Mwaka 1884 daktari kijana wa Denmark, Hans Christian Gram, alikuwa Berlin akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, akitafuta namna ya kuwafanya bakteria waonekane katikati ya nyama ya pafu. Miaka zaidi ya 140 baadaye rangi ile ile, kwenye hadubini ya kawaida kabisa, inaweza kukuonyesha ndani ya dakika chache wadudu wawili wawili wenye umbo la mkuki, wa rangi ya zambarau, wamezungukwa na chembe za usaha. Ukiwaona hao kwenye sampuli nzuri, Streptococcus pneumoniae, yule tunayemwita nyumokokasi, amekaribia kujitaja jina.

Tatizo ni hayo maneno "sampuli nzuri". Kinacholetwa mara nyingi ni mate. Mgonjwa amepewa kopo saa nne asubuhi bila maelezo, ametema, limekaa dirishani hadi mchana. Kanuni yetu ni kuangalia kwanza kwa lenzi ndogo: seli za kinywani ziwe chini ya 10 katika kila eneo la kuangalia, chembe nyeupe ziwe zaidi ya 25. Isipofika hapo tunapaswa kuikataa, na kuikataa ni sehemu ya kazi, daktari asikasirike. Ukiotesha mate utapata wadudu wa mdomoni, na mgonjwa atapewa dawa ya wadudu ambao hata wewe unao unaposoma hapa.

Na kwa makohozi hayo hayo, mtu mzima aliyekohoa wiki mbili au zaidi aende GeneXpert bila mjadala. Mashine inatoa jibu la kifua kikuu ndani ya saa mbili, na inasema kama rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, inakataa. Kwa watoto wadogo wasioweza kutoa makohozi, siku hizi hata choo kinakubalika kwa kipimo hicho. Msidhani kifua kikuu kwa mtoto lazima kianze polepole. Utafiti mkubwa wa PERCH, uliofanyika nchi saba, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi, ulichapishwa mwaka 2019 ukionyesha kwamba kati ya watoto waliolazwa na nimonia kali iliyoonekana kwenye picha ya kifua, na ambao hawakuwa na VVU, asilimia 5.9 ya visababishi ilikuwa kifua kikuu. Virusi walichukua asilimia 61.4, na RSV, kirusi cha njia ya hewa, peke yake asilimia 31. Bakteria wengine walikuwa asilimia 27.3.

Sasa damu ya kuotesha.

Unachukua damu, unaiweka kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, unaiweka kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, unaiangalia hadi siku tano. Kama kuna bakteria anaota, tunampaka rangi, tunamtambua, tunamjaribu kwa dawa mbalimbali tuone ipi inamuua. Ukitoa kipimo cha malaria na GeneXpert, ni kipimo pekee katika hivi nilivyotaja kinachoweza kumwambia daktari: acha hii, weka ile.

Kwa nini kina thamani? Muhimbili waliwahi kufuatilia watoto waliolazwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Waliokuwa na bakteria wa kundi la Gram hasi, wasioshika ile zambarau ya Gram, walikufa kwa asilimia 43.5. Wenye malaria walikufa kwa asilimia 20.2. Na mtoto aliyepewa dawa ambayo mdudu wake alikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Halafu Kilifi, mwaka 2005: kati ya watoto waliofia hospitalini, asilimia 26 walikuwa na bakteria kwenye damu, zaidi ya waliokuwa na malaria. Hiyo ilikuwa hospitali ya wilaya, ngazi ambayo watu wanasema haiwezi kuotesha damu.

Lakini Kilifi ina funzo jingine chungu. Katika vifo hivyo vya watoto wenye bakteria kwenye damu, theluthi moja ilitokea siku ile ile ya kulazwa, na saba kati ya kila kumi ndani ya siku mbili. Chupa haikimbii hivyo. Basi asije mtu akasema "subirini majibu ndipo tutibu". Mtoto mahututi anapewa ampisilini na jentamisini sasa hivi, kama mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unavyosema kwa nimonia kali. Ninachoomba ni damu kidogo itoke kabla sindano ya kwanza haijaingia. Dawa ikishatangulia, ninayeotesha ninaotesha damu iliyokwisha kufukiziwa.

Naomba maoni yenu, hasa madaktari na wauguzi.

Daktari Mpya

Mkuu, asante kwa uzi. Niko mafunzo kwa vitendo, wodi ya watoto. Naomba nikueleze hali halisi ya saa nane usiku. Mtoto amekuja kutoka kituo cha afya, anakoroma, oksijeni 82. Niko mimi na muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Chupa za kuotesha ziko maabara, maabara usiku yuko mtu mmoja yupo kwenye damu za mama anayetoka upasuaji. Nikienda kutafuta chupa, mtoto anakata roho. Hata kama nakubaliana na wewe kila neno, nitachoma sindano kwanza. Na nyingi ya rufaa zetu zimeshachomwa huko zilikotoka.

Mtu wa Benchi

Daktari, hapo umegusa penyewe, na jibu halipo kwako, lipo kwetu maabara. Chupa haina sababu ya kukaa maabara. Zile ambazo hazijafunguliwa, za kuwekea damu, zinakaa kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo ziwekwe wodini, kwenye trei ile ile yenye kanula, spiriti na pamba. Unapoweka kanula mpya, kabla hujaunganisha kitu chochote, vuta damu, mtoto mdogo mililita 1 hadi 3 kulingana na uzito, ingiza kwenye chupa, kisha endelea na dawa. Hiyo inakuongezea dakika moja, na mshipa unatobolewa mara ile ile moja. Ila iwe kanula mpya tu. Kanula iliyolala mkononi tangu jana usivute damu ya kuotesha kutoka humo, utatuletea wadudu waliojishika kwenye plastiki.

Ngozi usafishe vizuri na uache ikauke. Kizibo cha mpira cha chupa nacho kipanguse na spiriti. Sisi tukiotesha tukapata stafilokokasi, bakteria wa ngozini, hatujui kama ni wa mgonjwa au wa kidole chako, na mtoto anaweza kupewa antibayotiki ya vankomaisini bure. Maabara nzuri inalenga uchafu huo usizidi asilimia 3 ya chupa zote.

Na chupa yenye damu isiwekwe kwenye friji, narudia, isiwekwe kwenye friji. Watu wanafanya hivyo kwa nia njema wakidhani inahifadhi. Nyumokokasi na Haemophilus, bakteria mwingine wa nimonia, ni dhaifu, baridi inawaua. Iache mezani, itufikie ndani ya saa mbili.

Kuhusu waliochomwa huko walikotoka: hao chukua vilevile kama wako mahututi au kama dawa ya kwanza haijafanya kazi. Andika kwenye fomu dawa aliyopewa na saa. Uwezekano wa kuota unapungua lakini haufi, na kinachoota licha ya dawa ndicho hasa unachotaka kukijua.

Mama Nuru

Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Mwanangu alilazwa mwaka jana na kichomi, tukachukuliwa hicho kipimo cha kuotesha. Tukalipa. Siku ya sita tukaambiwa hakuna kilichoota. Nikamuuliza muuguzi kwa hiyo hakuwa na nimonia? Hakunijibu kitu cha kueleweka. Hadi leo najiuliza kama zile sindano zote mwanangu alichomwa bure.

Mtu wa Benchi

Pole sana mama, na ulipaswa kujibiwa. Nakujibu mimi.

Kwa watoto wenye nimonia, chini ya mtoto mmoja kati ya kumi ndiye damu yake huota. Bakteria wa nimonia anakaa kwenye pafu, na mara nyingi haingii kwenye damu kwa wingi wa kuonekana. Wengine ugonjwa wao ni wa virusi, na virusi havioti kwenye chupa hii kabisa. Kwa hiyo "hakuna kilichoota" haimaanishi mtoto hakuwa na nimonia. Aliyesema ana nimonia ni daktari aliyehesabu pumzi zake na kusikiliza kifua chake. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kutenganisha kwa uhakika virusi na bakteria kwa mtoto aliyezidiwa, kumpa dawa ilikuwa sahihi. Sindano zile hazikuwa bure.

Jibu hilo lilikuwa na kazi moja: kama mtoto alishapata nafuu, daktari angeweza kumtoa kwenye sindano akamalizia vidonge vya amoksilini nyumbani. Mzazi mwingine anayesoma hapa, ukifika siku ya pili au ya tatu uliza: "Daktari, majibu ya kuotesha yamefikia wapi, na je yanabadilisha dawa?" Ni haki yako kuuliza.

Hesabu Kwanza

Nizungumze upande wa uongozi, maana niko karibu na vitabu vya hospitali. Mtu wa Benchi anaongea kama kwamba vitendanishi vinaota shambani. Maombi yanaenda MSD, bohari ya dawa ya serikali, kuna wakati vinakuja, kuna wakati hakuna. Chupa zikija zina muda mfupi wa kuisha, tunatupa. Diski za kujaribu dawa hivyo hivyo. Mgonjwa wa msamaha halipi, bima inalipa kwa kuchelewa. Ful bladi pikcha inajilipa yenyewe. Hiyo kuotesha ni hasara kila mwezi. Na tisa kati ya kumi, umesema mwenyewe, haioti kitu. Huo ndio uwekezaji?

Mtu wa Benchi

Mkuu, nakuheshimu na najua mezani kwako kunakuwaje. Lakini hesabu yako imeweka gharama ya chupa na haikuweka gharama ya kutojua.

Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, kwa sasa wodini inatolewa kama maji. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa jicho kali, wakati amoksilini, ampisilini na jentamisini ziko kundi la kutumika kwanza. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumika kwa binadamu ziwe za kundi hilo la kwanza. Nchi yetu ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, tangu 2017, na wa pili ukaanza 2023. Daktari hawezi kurudi kwenye ampisilini kwa sababu ya bango ukutani. Atarudi akionyeshwa kwamba katika hospitali hii hii wadudu wa hapa bado wanaisikia. Na nani atamwonyesha kama hatuoteshi?

Ndiyo maana nasisitiza chupa ya leo ina wagonjwa wawili. Yupo aliyelala kitandani, na yupo atakayekuja mwakani. Ukikusanya majibu ya mwaka mzima, ukahesabu mdudu wa kwanza tu kwa kila mgonjwa, ukapata angalau 30 wa aina moja, unaweza kutengeneza jedwali la hospitali yako: kati ya bakteria wetu aina ya Klebsiella, wangapi wanakufa kwa jentamisini, wangapi kwa seftriaksoni. Karatasi moja, inabandikwa kila wodi. Daktari wa saa nane usiku aliyeandika hapo juu hatakuwa na majibu ya mtoto wake, lakini atakuwa na majibu ya watoto waliomtangulia.

Kuhusu gharama, sisemi kila anayekohoa aoteshwe. Ninaomba makundi machache: nimonia kali yenye dalili za hatari, mtoto mwenye utapiamlo mkali, mtoto mchanga, mwenye VVU, na yeyote ambaye siku mbili za dawa hazijampa nafuu. Punguza Widal na ful bladi pikcha za kurudiarudia, utaona fedha ilikuwa inapotelea wapi.

Mwana Kilifi

Salaam kutoka pwani ya Kenya. Nimefurahi kuona hospitali yetu imetajwa, ila ningependa kuongeza kitu. Hizo takwimu za 2005 ni za kabla ya chanjo. Kenya tulianza chanjo ya nyumokokasi mwaka 2011, na Kilifi utafiti ulionyesha kwamba ugonjwa mkali wa aina za nyumokokasi zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Haemophilus aina ya b naye alishashuka kabla ya hapo kwa chanjo yake. Sasa je, si kwamba tunatafuta adui ambaye keshaondoka?

Mtu wa Benchi

Ndugu wa Kilifi, umeongeza jambo muhimu. Hapa Tanzania chanjo ya nyumokokasi iliingia mwishoni mwa 2012, watoto wanaipata wiki ya 6, 10 na 14. Ya Haemophilus ilitangulia mwaka 2009. Imeokoa watoto wengi, na mzazi ambaye hajamaliza dozi hizo azimalize.

Lakini mimi nasoma jambo hilo kwa upande wa pili. Adui wa zamani alikuwa anajulikana, penisilini ilimtosha, hata bila maabara ulikisia ukapata. Waliobaki hawakisiki kirahisi: stafilokokasi wa dhahabu, Klebsiella, E. koli, salmonela, na aina za nyumokokasi zisizomo kwenye chanjo. Hao kila hospitali ina usugu wake. Na mlijuaje Kilifi kwamba chanjo imefanya kazi? Kwa sababu mlikuwa mnaotesha damu miaka yote ile, kabla na baada.

Mdau wa Jiji

Mimi naona mnazunguka sana. Ulaya wanatumia CRP, kipimo cha protini inayopanda kwenye damu mtu akiwa na maambukizi, tone la damu kidoleni, dakika chache unajua kama ni bakteria. Kwa nini tusiweke hiyo kila hospitali tukaachana na chupa za siku tano?

Mtu wa Benchi

Mkuu, CRP ina mahali pake, na ushahidi mzuri umetoka hapa hapa Dar es Salaam. Ule utafiti wa ePOCT, uliochapishwa 2017, ulitumia mwongozo kwenye tableti pamoja na kifaa cha oksijeni, CRP na vipimo vingine vya papo kwa papo kwa watoto wa nje wenye homa. Walioandikiwa antibayotiki siku ya kwanza wakawa asilimia 11.5, wakati kundi la kulinganisha lilikuwa asilimia 29.7. Na waliozidiwa baada ya hapo walikuwa wachache zaidi, asilimia 2.3 dhidi ya 4.1. Hiyo inatosha kabisa kunishawishi kwa wagonjwa wa nje.

Angalia lakini wagonjwa hao ni akina nani: watoto wa nje, wanaotembea na mama zao. Kwa mtoto aliyelazwa na oksijeni 82, CRP ikiwa chini hakuna daktari mwenye akili timamu atakayemnyima dawa. Na malaria nayo hupandisha CRP juu sana, kwa hiyo kwenye mikoa ya malaria utamdhania bakteria ambaye hayupo. Isitoshe, CRP haimtaji mdudu wala dawa. Iwekwe mapokezi, chupa ibaki wodini.

Na hizo siku tano zinawatisha watu bure. Siku tano ni za kutangaza kwamba hakuna kitu. Bakteria wengi wa kweli huonyesha dalili ndani ya saa 48: chupa inakuwa na ukungu, au damu inabadilika rangi, au kuna mapovu. Saa hiyo hiyo tunapaka Gram na kupiga simu wodini. Simu, siyo karatasi. Karatasi ninazoziona zimekaa kwenye dirisha la majibu wiki nzima zinaniumiza roho. Mnaofanya kazi maabara, namba ya daktari wa zamu iandikwe ukutani, na jina la aliyepokea simu na saa liingie kwenye rejista.

Maabara Kusini

Kaka nashukuru, mimi ni mwenzako, mkoa wa kusini. Hapa tulianza kuotesha, ila nyumokokasi hatujawahi kumuona hata mmoja. Stafilokokasi na E. koli tunapata. Agari ya damu, yaani chakula kigumu cha kuoteshea bakteria, tunatengeneza kwa damu ya benki iliyokwisha muda. Shida inaweza kuwa hapo?

Mtu wa Benchi

Ndugu yangu, kwa sehemu kubwa shida ipo hapo. Damu ya mtu aliyechangia ina kinga za mwili dhidi ya wadudu hawa hawa, inaweza kuwa na mabaki ya antibayotiki, ina dawa ya kuzuia kuganda, na wewe unayeimimina uko kwenye hatari ya VVU na homa ya ini. Ile alama ya kijani inayomzunguka nyumokokasi nayo haisomeki vizuri juu yake.

Tafuteni damu ya kondoo. Ongeeni na afisa mifugo wa halmashauri, kondoo mmoja au wawili wenye afya wasiopewa antibayotiki wanatosha kwa maabara ya mkoa. Mtaalamu wa mifugo anavuta damu shingoni kwa usafi, inamwagwa kwenye chupa tasa yenye shanga za kioo, unaitikisa polepole mpaka utando ujishike kwenye shanga, damu inabaki bila kuganda na bila dawa. Agari ikitoka kwenye otoklevu iache ishuke hadi nyuzi 45 hadi 50, ndipo uongeze damu kwa asilimia 5. Ikiwa moto zaidi damu inaiva na kuwa kahawia. Hiyo ya kahawia si ya kutupa, ndiyo Haemophilus anayoitaka, lakini mtengenezee kwa makusudi.

Pili, nyumokokasi anataka hewa ukaa. Kama inkubeta yenu haina, chukueni debe au mtungi wenye mfuniko unaobana, weka sahani ndani, washa mshumaa, funika, ukizimika wenyewe hewa imefaa.

Tatu, mdudu huyu hujiyeyusha mwenyewe akikaa muda mrefu. Chupa iliyoingia Ijumaa jioni ikafunguliwa Jumatatu, utaona damu imebadilika rangi lakini ukiotesha hakuna kitu. Kwa hiyo pandikizeni kwenye agari baada ya saa 24 hata kama chupa inaonekana safi, na wikiendi iwe na mtu wa zamu kwa kazi hiyo. Mkimpata, wekeni diski ya optokini, dawa ya kumtambulisha, ya milimita 6: duara lisilo na wadudu likiwa milimita 14 au zaidi, ni yeye. Likiwa dogo zaidi ya hapo, thibitisheni kwa chumvi za nyongo.

Na kabla ya yote hayo ombeni aina ya udhibiti ATCC 49619 kutoka maabara ya taifa, huyo ni nyumokokasi anayejulikana. Mpandikizeni kila mnapotengeneza agari mpya. Asipoota, msipokee chupa ya mgonjwa kwa agari hiyo. Ukikwama kwenye shanga au kwenye kondoo, niandikie hapa hapa ili na wengine wafaidike.